Rangi ya gari inapopasuka: sababu, namna ya kutengeneza na namna ya kuzuia

Magari mengi yanayotembea Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia yalifika hapa yakiwa yamekwisha kutumika mu inchi zingine. Mengi yalitoka Japani, yakapitia bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam, na kuna yale yaliyopakwa rangi mpya mbele ya kuuzwa. Kiisha miezi fulani, kapo ao paa inaanza kuonyesha mistari midogo midogo sawa udongo wa shamba wakati wa kiangazi. Mwenye gari anafikiri ni jua tu. Fundi anamwambia rangi ingine ipakwe juu, mambo yaishe. Mara nyingi hakuna aliyegusa chanzo cha shida, na mwenye gari analipa mara mbili kwa kazi moja.

Nyufa za rangi si jambo la uzuri tu. Maji yanapita ndani yake, yanafika kwenye chuma, na kutu inaanza kula gari pahali jicho halioni. Tena nyufa zingine zinaonyesha ajali ya zamani iliyofichwa kwa mastiki. Kwa mtu anayetafuta taksi ya kumlishia watoto, kujua kusoma hizo nyufa kunaweza kumwokolea pesa nyingi.

Safu za rangi

Rangi inayoonekana kwa macho si kitu kimoja. Kwenye gari iliyotoka kiwandani, juu ya chuma kunakuwa kwanza dawa ya kuzuia kutu, kisha safu ya kuzuia kutu inayowekwa kwa nguvu ya umeme wakati bodi nzima inazamishwa ndani ya birika. Juu yake kuna apre, ile rangi ya chini inayosawazisha uso. Kisha inafuata rangi yenyewe, na mwisho verni, safu isiyo na rangi inayotoa mng'ao na kukinga zingine.

Safu hizo zote pamoja zinakuwa na unene wa mikroni 100 mpaka 150 hivi, ni kusema karatasi moja ya daftari ao moja na nusu. Kiwandani zinachomwa kwa moto wa digrii karibu 140. Garaji haiwezi kufanya hivyo, sababu gari iliyokamilika iko na plastiki, nyaya na viti. Ndiyo maana rangi nzuri za garaji zinachanganywa na kigumishi, dawa inayofanya rangi ikauke na kushika bila moto mkali. Kila kosa katika mchanganyiko huo linakuja kuonekana baadaye.

Kwa nini rangi inapasuka

Chuma kinapanuka kwenye joto na kujikunja kwenye baridi. Rangi nzuri inafuata mwendo huo. Ikiwa imekuwa ngumu kupita kiasi, ao nene kupita kiasi, ao iko juu ya safu laini isiyokauka, haiwezi kufuata. Inakatika.

Sababu zinazoonekana zaidi mu garaji ni hizi:

Kwanza, unene. Gari iliyopakwa mara tatu ao ine bila kuondoa rangi za zamani inabeba ngozi nzito. Kila safu inavuta kwa nguvu yake, na siku moja ngozi yote inapasuka mpaka chini.

Pili, haraka. Kati ya safu moja na ingine inaomba kungojea diluani itoke, mara nyingi dakika 10 hivi, ao vile kopo inavyosema. Fundi akipaka safu ya pili mbio mbio, diluani inafungwa ndani. Itatafuta njia ya kutoka polepole, huku uso wa juu umekwisha kuwa mgumu.

Tatu, vipimo vya macho. Kigumishi kingi kinafanya verni iwe kama kioo: inang'aa leo, inavunjika kesho. Kigumishi kidogo kinaacha rangi laini. Diluani ya bei ndogo isiyolingana na rangi inaleta shida hiyo hiyo. Kuchanganya kwa kukisia, kwa kifuniko cha chupa, ndiko kunaharibu kazi nyingi.

Nne, rangi zisizopatana. Kuna rangi ya zamani inayokauka kwa hewa tu, ile mafundi wanaita seluloziki, na kuna rangi ya kuchanganya na kigumishi. Ya pili ikipakwa juu ya ya kwanza, diluani yake kali inaweza kuilainisha na kuivimbisha. Uso unakunjamana palepale, ao unapasuka kiisha wiki chache.

Tano, mastiki nene. Mastiki iliwekwa duniani kwa kusawazisha mabonde madogo, si kwa kuziba shimo. Ikipita milimita tatu mpaka tano, iko na hatari ya kupasuka ao kubanduka, zaidi kwenye barabara mbovu ambako bodi inajipinda kila siku.

Jua, mvua na volkano

Hali ya inchi inaongeza uzito. Goma iko karibu na ikweta na kwenye urefu wa metre karibu 1,500 juu ya bahari. Mionzi ya jua ni mikali hata siku ambayo hewa ni baridi, na verni inachoka mbio kwenye kapo na paa, pahali jua linapiga wima. Kisha mvua ya saa nane inaanguka juu ya chuma chenye moto, na joto linashuka kwa ghafla.

Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa. Ikikutana na maji ya mvua inazaa asidi, ile ile inayokula mabati ya nyumba. Majivu nayo ni vipande vidogo sana vya kioo na mwamba. Mtu akiyapanguza kwa kitambaa kikavu, anasugua gari yake kwa msasa bila kujua. Mawe makali ya lava kwenye barabara za mitaa yanarushwa na magurudumu na kutoboa rangi chini ya milango. Kila tundu dogo ni mlango wa kutu.

Kusoma ufa

Mbele ya kununua kopo hata moja, fundi anapaswa kujua ufa uko wa namna gani. Gari ioshwe, ikauke, kisha iangaliwe kivulini na taa ya simu ikimulika kwa upande.

Mistari midogo sana isiyosikika kwa ukucha, na inayofanana na utando wa buibui, mara nyingi iko ndani ya verni peke yake.

Mistari mirefu inayoshika ukucha, ikienda pande zote kama udongo uliokauka, imepita mu rangi na pengine imefika kwenye apre ao chuma.

Ufa unaozunguka sehemu moja kama mpaka wa ramani unaonyesha pindo la mastiki. Chini yake kuna kazi ya toleri.

Ufa ulionyooka kwenye nguzo ya mlango, karibu na bawaba, ao pahali vipande viwili vya chuma vinakutana, unaomba uangalifu wa pekee. Hapo inawezekana si rangi iliyopasuka kwanza, ni chuma ao kulehemu. Kupaka rangi juu yake ni kufunika kidonda chenye usaha.

Rangi iliyovimba kama lengelenge na kutoa maji ya kahawia ikitobolewa ni kutu iliyotoka chini. Na verni inayobanduka kama ngozi ya kitunguu imekosa kushikana na rangi ya chini. Haiko ufa wa kweli, lakini dawa yake inafanana.

Sumaku ndogo iliyofungwa ndani ya kitambaa chembamba inasaidia sana. Kwenye chuma chenye rangi ya kawaida inashika kwa nguvu. Kwenye mastiki nene inashika kidogo ao inaanguka. Lakini mtu asisahau kwamba parishoki nyingi ni za plastiki, na kapo za magari fulani ni za aluminiamu: huko sumaku haishiki hata kama gari haijaguswa.

Kutengeneza nyufa za verni

Hapa ndipo udanganyifu uko mwingi. Wakisi na dawa za kung'arisha zinajaza mistari na kuificha kwa siku chache. Mvua mbili tatu zikipita, nyufa zinarudi. Verni iliyopasuka haiungani tena.

Ikiwa ni verni peke yake, inaondolewa kwa karatasi ya msasa, ile mafundi wanaita papievere, kuanzia namba 600 mpaka mistari yote ipotee, kisha 800 ao 1000 kwa kulainisha. Ikiwa rangi ya chini imebaki nzima na haikubadilika, verni mpya inaweza kupakwa. Ikiwa msasa umegusa rangi, inaomba kupaka rangi kwanza. Verni inapakwa kwenye kipande kizima, kapo yote ao mlango wote. Kiraka cha verni katikati ya kapo kinaacha pindo ambalo baadaye litabanduka.

Mistari ikiwa ingali inaonekana kiisha verni kuondolewa, basi ufa uko chini zaidi, na kazi ni ile inayofuata.

Kutengeneza nyufa zilizofika chini

Sheria ya kwanza ni moja: hakuna rangi mpya inayoponyesha rangi ya zamani iliyopasuka. Apre inaweza kujaza ufa na kuufunika leo, lakini ufa utapanda tena mpaka juu. Kila kilichopasuka kinaondolewa.

Kuosha. Gari inaoshwa kwa sabuni na maji, inakauka, kisha kipande kinapanguzwa kwa dawa ya kuondoa mafuta. Kazi hiyo inafanywa mbele ya msasa, sababu msasa unaingiza mafuta na wakisi ndani ya mikwaruzo.

Jaribio la diluani. Kitambaa cheupe kilicholowa diluani kidogo kinawekwa juu ya rangi pahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kuchafua kitambaa, ni ile inayokauka kwa hewa tu. Ni vizuri kuiondoa yote kuliko kuweka rangi ya kigumishi juu yake.

Kuondoa. Msasa wa namba 80 unaondoa rangi mbovu mpaka kwenye safu nzima ao kwenye chuma. Fundi asisimame pale jicho linaona mwisho wa ufa. Aongeze sentimetre chache pande zote. Kisha mapindo yanalainishwa kwa 120, 180 na 240, mpaka mkono ukipita usisikie ngazi.

Kutu. Kutu yote inaondolewa mpaka chuma king'ae. Chuma kikiwa na matundu, kinakatwa na kulehemewa kipande kipya. Mastiki juu ya tundu la kutu inanyonya maji kama sifongo na kuozesha pembeni.

Apre ya kuzuia kutu. Chuma kitupu hakilali usiku bila kufunikwa. Katika hewa yenye maji kama ya kando ya ziwa, kutu inaanza kiisha saa chache. Apre ya epoksi ndiyo inashika vizuri zaidi kwenye chuma.

Mastiki. Kama kuna bonde, kwanza fundi wa toleri anyooshe chuma karibu na usawa wake. Mastiki inafuata kwa safu nyembamba. Kigumishi chake ni kidogo, mara nyingi gramu mbili hivi kwa gramu 100 za mastiki. Kopo ndiyo inatoa kipimo cha kweli. Inasuguliwa ikiwa kavu. Kuisugua kwa maji kunaifanya inyonye maji, na hayo maji yatatoka baadaye kwa kuvimbisha rangi.

Apre ya kujaza. Safu mbili ao tatu nyembamba, kwa kungojea kati yake. Ikikauka kabisa inasuguliwa kwa msasa wa 400 ukiwa mkavu, ao wa 600 mpaka 800 kwa maji.

Rangi na verni. Safu mbili ao tatu nyembamba za rangi mpaka chini pasionekane, kisha safu mbili za verni. Namba ya rangi inatafutwa kwenye kibao cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango ao chini ya kapo. Kwa Toyota, kwa mfano, namba 040 ni nyeupe. Hata hivyo gari ya miaka 15 imekwisha kupauka. Rangi ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha bati na kulinganishwa mchana.

Kukauka. Kuguswa bila kuchafuka si kukauka. Gari iachwe walau saa 24 pahali pakavu mbele ya kutoka, na wakisi ingoje wiki kadhaa, sababu mabaki ya diluani yangali yanatoka.

Kwa tundu dogo la jiwe, kazi yote hiyo haiombwi. Tundu linasafishwa, kutu inakwanguliwa kwa ncha, na rangi inawekwa kwa burashi ndogo, safu nyembamba moja moja, kila moja ikauke. Ni kazi ya nusu saa inayozuia kazi ya wiki moja.

Parishoki ya plastiki iko na dawa zake: apre ya plastiki chini, na rangi iliyoongezewa dawa ya kulainisha kama maelezo ya kopo yanaomba. Rangi ngumu juu ya plastiki inayojipinda itapasuka kwenye kugongwa kwa kwanza.

Kufanya kazi bila chumba cha rangi

Garaji nyingi hazina chumba cha kupakia rangi. Mafundi wanafanya kazi chini ya hema ao kando ya barabara, na wengine wanatoa kazi nzuri. Wanachagua saa za asubuhi mbele ya upepo, wanamwaga maji chini ili vumbi ilale, na hawapaki juu ya chuma chenye moto wala kwenye jua kali. Wakati wa mvua, hewa ikiwa nzito, verni inaweza kugeuka nyeupe kama maziwa; afadhali kungoja. Kompresa nayo imwagwe maji yake kila siku, sababu tone moja la maji ao mafuta linalotoka mu pistole linazaa jicho la samaki kwenye rangi.

Mapafu ya fundi

Vigumishi vya rangi na verni vingi vina isosianati. Dawa hiyo ikivutwa inaweza kuleta pumu, na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa anaweza kushindwa kupumua hata kwa mvuke kidogo. Kitambaa kwenye pua ao maski ya hospitali vinazuia sehemu ya vumbi, havizuii mvuke. Inaomba maski yenye vichujio vya makaa, ibadilishwe vichujio kwa wakati. Penye kupaka kila siku, ile inayoleta hewa safi kwa mpira ndiyo inalinda zaidi. Miwani na glavu pia.

Rangi za magari ya zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kuzisugua kwa maji kunapunguza vumbi kwenye sehemu isiyo na mastiki. Watoto wasichezee hapo, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumba. Diluani haitunzwi ndani ya chupa ya soda, na hakuna mbabula wala sigara karibu.

Kuzuia

Majivu yakianguka, gari inamwagiwa maji mengi kwanza bila kuguswa, kisha inaoshwa kwa sifongo laini na sabuni nyepesi. Sabuni ya unga ya nguo ikitumiwa kila siku inaondoa wakisi na kuchosha verni. Mavi ya ndege, utomvu wa miti na petroli iliyomwagika vinaoshwa siku hiyo hiyo. Wakisi kila miezi miwili ao mitatu inasaidia maji ya asidi yateleze. Kivuli kinasaidia zaidi ya dawa nyingi: hata hangari ya mabati ya kawaida inapunguzia verni jua la mchana. Na mzigo uliopita kiasi unapinda bodi, kwa hiyo unapasua mastiki na rangi yake.

Mapatano na fundi

Ugomvi mwingi mu garaji unatoka kwenye neno "kupaka" peke yake, sababu kila mmoja analielewa kwa faida yake. Ni vizuri kuandika kwenye karatasi: rangi ya zamani itaondolewa mpaka wapi, nani ananunua vifaa na vya namna gani, safu ngapi, siku ngapi, na nini itafanyika kama nyufa zinarudi kiisha miezi mitatu. Mwenye gari aombe picha za simu kwa hatua tatu: wakati chuma kiko wazi, wakati apre imewekwa, na mbele ya verni. Fundi mwenye kufanya kazi safi hachukizwi na ombi hilo. Picha zinamkinga yeye pia siku mteja anapolalamika bure.

Kwa anayenunua gari, rangi mpya kabisa juu ya gari ya zamani ni sababu ya kuuliza, si ya kufurahi. Aangalie chini ya mazulia, ndani ya kofre, kwenye mapindo ya milango na kwenye raba za vioo: rangi iliyovuka mpaka kwenye raba inaonyesha gari ilipakwa bila kufunguliwa. Akikuta ufa kwenye nguzo ao karibu na chasi, alete fundi wa toleri aangalie mbele ya kutoa hata franga moja.